Fimbo za Gofu za Mjomba Hilari

Harufu ya salfa haina adabu. Ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, hauishii mtini. Unakufuata nyumbani, unalala nawe kwenye mto, unakaa mpaka kwenye uji. Watu wa kwetu Newala wakiisikia wanawaza mavuno, ada za shule na mabati mapya. Mimi nawaza gofu, na shingo inaanza kuniuma. Salfa ikishamalizika na palizi ikapita, kabla korosho hazijaanza kudondoka, chini ya mikorosho panabaki peupe, pamefagiliwa kama mbele ya kanisa siku ya Pasaka. Kwa jirani huo ulikuwa muda wa kupumzika kidogo. Kwa mjomba wangu Hilari huo ndio ulikuwa uwanja.

Ndiyo, gofu. Naomba usicheke kabla sijamaliza. Newala ile ile ambako maji ya kunywa tulikuwa tunayafuata bondeni na kupanda nayo mlima kichwani, sisi tulikuwa na ukoo wa wacheza gofu. Chanzo chake ni wazungu wa karanga kule Nachingwea, enzi za bibi zetu. Mjomba wa mama yangu alikuwa akiwabebea mikoba ya fimbo, na walipofunga virago, karanga zikiwa zimewashinda, akarudi nyumbani na mkoba mmoja mgongoni. Wenzake walirudi na baiskeli, wengine na cherehani. Yeye alirudi na vyuma vya kupigia mpira mdogo kuliko yai la kanga. Alipokufa, fimbo zikaenda kwa Mjomba Hilari, maana kwetu mali ya mwanamume haiendi kwa watoto aliowazaa. Inakwenda kwa watoto wa dada yake. Ndiyo sababu watoto wa Mjomba Hilari walikuwa wakilala mpaka jua liwapige machoni, na mimi Festo, mtoto wa kwanza wa dada yake, nilikuwa naamshwa kwenye ukungu, meno yakigongana, nikapige mpira ambao hata siuoni.

Mwaka ninaousema ndio kwanza nilikuwa nimeanza sekondari. Rafiki mmoja wa Mjomba, aliyekuwa akifundisha gofu katika klabu huko Dar es Salaam, alimpigia simu kwamba wanaweza kumchukua mtoto mmoja, wamsomeshe na wamfundishe mchezo mpaka aweze kula kwa huo mchezo. Mmoja tu, na aletwe kabla ya msimu wa korosho. Mjomba hakumuuliza mtu. Mpwa wa kwanza wa kiume alikuwepo, ana mikono miwili, anahema. Kilichobaki ni kumnyoosha. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na tangu siku hiyo nikakunjwa kiuno, magoti na viwiko, nikaambiwa kichwa chini, nikaambiwa si chini hivyo, unatafuta nini, umepoteza sindano?

Alikuwa ameandaa kila kitu. Pale kwenye mashimo, badala ya nyasi, alimwaga mchanga, akauchanganya na oili chafu aliyoiomba kwa mafundi wa bodaboda, akaushindilia mpaka ukawa mgumu na mweusi, kama alivyosimuliwa kuhusu Nachingwea. Nyumba nzima ikanuka gereji. Mama akalalamika kuhusu mashuka. Mjomba akasema mashuka hufuliwa, bahati haifuliwi. Na mimi katikati ya maandalizi yote hayo nilikuwa kama mbuzi aliyevalishwa suti. Mpira wangu haukuwahi kwenda mbele. Ulikwenda kulia, ulikwenda nyuma, siku moja ulipanda juu wima ukarudi ukanigonga begani. Mara nyingi ulikwenda kwenye bati la Mzee Saidi, jirani yetu, mtu mpole aliyekuwa anapenda kunywa chai yake kwa utulivu. Shikamoo yangu ilikuwa inatangulia hata sijafika uani kuuomba mpira.

"Marahaba, mwanangu," aliniambia asubuhi moja, kikombe mkononi. "Ukitaka kuniua, njoo na shoka tumalizane. Hivi vimawe vyako vinanichelewesha."

Mdogo wangu Salome ndiye alikuwa akibeba mkoba. Alikuwa akitoka bondeni na ndoo yake, anaitua, anakuja shambani kabla hata ngata haijamwanguka kichwani. Mjomba akienda kunitafutia mpira uliopotea, Salome anachomoa fimbo, anapiga mwingine. Mlio wake ulikuwa tofauti. Wangu ulikuwa kama mtu anayekung'uta godoro. Wa Salome ulikuwa kama bua kavu linapovunjwa mara moja, halafu kimya, halafu mpira unaonekana mbali huko, umetulia mbele ya shimo kama uliwekwa kwa mkono. Mjomba alikuwa akiona. Hilo ndilo lililokuwa linanichosha kuliko yote: alikuwa akiona. Anageuka, anatazama mpira wa Salome, anatikisa kichwa kwa raha, kisha ananiambia, "Umemwona mdogo wako? Haya, na wewe fanya hivyo."

Nilimwambia ampeleke Salome. Nilimwambia kwa heshima, nikamwambia kwa kununa, nikamwambia nikiwa nimelala chini nikijifanya mgonjwa wa malaria. Jibu lilikuwa moja: fimbo ni za mpwa, na Salome ataolewa. Sikio la kufa halisikii dawa. Salome mwenyewe hakulalamika kamwe, akawa anazifuta fimbo kwa kanga kuukuu, moja moja. Siku zilipokaribia, tukichambua ming'oko jikoni, vile viazi vya porini, akaniuliza kama nikienda mkoba utakwenda nao. Nikamwambia utakwenda.

"Basi mimi nitapigia nini, kaka?"

Nilimenya mng'oko ule mpaka ukaisha mkononi.

Mjomba akaja mchana wa siku ya mwisho, amevaa suruali ya kanisani, kutangaza kwamba kesho tunashuka Masasi kudaka basi. Mama alikuwa uani anamenya mihogo, wala hakunyanyua macho.

"Kaka, hizo fimbo ulipewa na nani?"

"Si mjomba wetu? Unajua."

"Kwa nini hakumpa mwanawe?"

"Mwanawe ni wa ukoo wa mkewe. Maswali gani haya, Mama Festo?"

"Nauliza tu. Na Festo akifa, zitakwenda kwa mwanawe?"

"Hapana. Kwa wapwa zake."

"Watakaozaliwa na nani?"

Mjomba akageuka kumtazama Salome. Hakuwa na dada mwingine zaidi ya mama, na mama hakuwa na binti mwingine zaidi ya yule aliyekuwa pale mlangoni anakung'uta mchanga kwenye mkoba. Mtu aliyeshika mila miaka yote alikuwa ameishikia mkiani.

"Basi unazungukia wapi?" mama akasema. "Mpe mwenyewe. Huyu mwache hapa, ataua watu huko Dar es Salaam."

Mjomba akachukua kipande cha muhogo mbichi, akakitafuna mpaka kikaisha. Kisha akasema, kama aliyeamua tangu jana, "Salome, kaoshe viatu."

Leo Salome anakula kwa gofu. Anacheza Nairobi, anacheza Kampala, anafundisha wake za mabosi jinsi ya kusimama, na Mjomba bado anampigia simu kumwambia anainua kichwa mapema. Mimi sijatoka. Nikishuka Masasi kununua salfa, nikiiona ile milima ya mawe, tayari nawaza kurudi. Sokoni hawanijui kwa jina; ni kaka yake yule wa gofu. Nililipokea hilo kwa furaha yote, nikiamini nimeponyoka.

Mwaka huu Salome amezaa. Akiwa safarini, mtoto hukaa kwetu na mama. Juzi Mjomba Hilari, magoti yamekwisha, amekuja kwa bodaboda na fimbo mbili fupi alizozikata mwenyewe. Akaniuliza, kwa sauti ya upole iliyonitia hofu, huyu mtoto mjomba wake ni nani. Akaniambia asubuhi nianze mazoezi, maana mtu hafundishi asichokijua.

Utotoni nilikuwa angalau na wa kumnunia. Sasa naamka mwenyewe kwenye ukungu, na kitambi changu, nainama, nakosa mpira, na kitoto ambacho hakijaota hata jino kinacheka mgongoni kwa bibi yake. Natazama huku na huku nimtafute wa kumlaumu. Mjomba ni mimi.