Jina Alilolilia Mtoto wa Masumbwe

Niliondoka Didia kwa sababu ya jina. Mdogo wangu Milembe, aliyeolewa Masumbwe, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto halali, ziwa halishiki vizuri, analia tu. Zahanati hawakuona ugonjwa. Mama yetu akasema analilia jina. Kwetu Usukumani mtoto wa namna hiyo hutajiwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na akitajwa yule anayemtaka, hunyamaza akanyonya. Lakini Milembe alikwisha kumwita Rodrigo, kwa kupenda tamthilia za Kifilipino.

"Kamwambie ni Masanja, jina la baba yangu," Mama aliniagiza. "Asipotaka, mimi kwake sikanyagi."

Kuanzia Tinde nilikuwa nusu macho, nusu usingizini. Mawe ya kando ya barabara niliyaona kama ng'ombe waliolala, kisha wakawa ng'ombe kweli, wanavuka, na basi likawangoja.

Kahama alipanda mtawa mfupi, Mfilipino, akaketi karibu nami. Nikasema moyoni, Mungu huyu! Nikamsimulia habari ya Rodrigo. Sista akacheka mpaka akafuta machozi.

"Hilo si letu. Ni la Wahispania."

Akaeleza taratibu, akitazama dirishani, kwamba hata majina ya ukoo wengi waligawiwa na gavana wa hao Wahispania, walipowatawala. Shujaa wao, aliyepigwa risasi kwa sababu ya vitabu vyake, aliviandika kwa lugha ya hao hao waliomuua. Kisha wakaja Wamarekani, nao wakaleta yao.

"Na jina la zamani la kwenu?"

"Ningelijua, ningejiita hilo."

Nilimwonea huruma. Nikasinzia tena, na ndotoni watu wasio na majina walikuwa wakipita katikati ya pamba, hawana haraka.

Masumbwe nilifika jua likishuka. Kilio nilikisikia kabla ya kuiona nyumba.

"Shikamoo kaka. Umetumwa, najua."

"Marahaba. Jina lako hilo hata Wafilipino wenyewe waliletewa."

"Rodrigo wa kwenye tamthilia ni mpole, kaka. Nilitaka mwanangu awe mpole." Milembe akaanza kulia naye. "Haya, taja. Nimechoka."

Nikamtaja Masanja. Mtoto akazidisha. Nikataja wengine, wakaniishia upesi, nikaona aibu. Tukampigia Mama, Milembe akaiweka simu kitandani. Sauti ya Mama ikaupita ukoo wote polepole, mpaka iliposema, "Luhende."

Mtoto akashika ziwa.

"Luhende ni nani, Mama?"

"Baba yangu mkubwa, kaka yake Masanja. Wajerumani walimchukua akiwa kijana, akawabebee mizigo ya vita yao. Hakurudi. Hakuacha mtoto wa kumtaja."

Kisha tukamsikia akisema taratibu, "Nyonya, ng'wana wane," yaani mwanangu. Milembe hakumwita Rodrigo tena.

Nilirudi siku iliyofuata. Safari hii ilinifunza habari za shujaa wa Wafilipino kabla ya za mtu wa nyumbani kwetu, na hilo linaniuma mpaka leo. Niliposhuka Didia, Mama alikuwa kituoni, kavaa kitenge chake cha kanisani, anangoja gari la kwenda Kahama.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kumpokea baba mkubwa," alisema. "Katoka mbali."