Mgongo wa Wivine na Kamba ya Maçon

Kila asubuhi, kabla hajagusa ndoo wala fagio, Wivine alitundika kamba ya baba yake kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Ilikuwa kamba ya maçon, fundi wa kuta, yenye chuma kizito chini, ile inayosema kama ukuta umesimama au unalala. Mbele yake aliegemeza kipande cha kioo. Akajitazama: pua, kitovu, kamba. Vikikutana mstari mmoja, ndipo alipumua, na hakupumua ovyo. Alituma pumzi nyuma, upande wa kushoto, pale mbavu zake zilipozama, mpaka ngozi inavutika. Alihesabu kwa gare, vituo vya treni, maana babu yake alikuwa mtu wa reli aliyeteremka kutoka kaskazini: pumzi tano Likasi, tano Tenke, tano Bukama, tano Kamina. Akifika Kalemie jasho limemtoka, na maji ya chai bado hayajachemka.

Alianza akiwa na miaka kumi na minne. Tantine Angélique, dada ya baba yake, fundi wa kushona kule Mokambo mpakani, alikuja kumpima robe ya confirmation, gauni la kipaimara. Akapima, akarudia kupima, akashusha mita.

"Alexis, kuya uone. Huyu mutoto bega moja iko juu, ingine iko chini."

"Ni ndoo ya maji," baba akasema.

"Haiko ndoo. Hii ni mufupa."

Radio ya hospitali, ile picha ya mifupa, ilionyesha uti wa mgongo umepinda kama barabara inayokwepa kichuguu. Vingt-six degrés, digrii ishirini na sita, daktari akasema. Mtoto bado anakua, na akikua, mpindo nao unaweza kukua. Ukipita trente, yaani thelathini, atavaa corset, gamba la plastiki la kubana kiwiliwili, mchana na usiku. Kwa sasa afanye mazoezi, kila siku, bila kuchoka.

Tantine Angélique alisikia yote hayo, kisha akasema jambo ambalo Wivine hakulisahau. "Ile siku atamaliza, munipatie yeye. Niko na mashini tatu na mikono mbili."

Wivine alikuwa ameacha shule kwenye darasa la sita. Zile mashini tatu alizitaka kuliko kitu chochote. Baba yake akajibu kwa ufupi, kama anavyowajibu wenye nyumba anazojenga: "Akinyooka, ataenda."

Basi akaanza kwenda kwa Mama Brigitte, kiné, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, katika chumba kimoja nyuma ya parokia. Mle ndani kulikuwa na kioo kirefu, vijiti viwili vya ufagio, viti, na soksi zilizojazwa mchanga. Mama Brigitte alimkalisha, akamwekea soksi moja chini ya paja na nyingine chini ya bega, akagusa mgongo kwa vidole viwili.

"Pumua hapa penye pamezama. Kule kwenye kumefura, uache kulale."

Kiti cha pembeni alikaa Merdi, kijana wa miaka kumi na sita mwenye mpindo wake mwenyewe na mdomo usiofungika.

"Wivine, unapumua sawa locomotive."

"Na weye ni wagon. Unangoja bakukokote."

Mama Brigitte hakuwanyamazisha. Alisema kicheko nacho kinafungua mbavu.

Lakini baba yake, Papa Alexis, hakuwa mtu wa kungoja pumzi. Miaka thelathini alikuwa amenyoosha kuta za watu. Jumapili moja baada ya misa alichukua ubao wake mrefu wa kusawazishia ukuta, akaupunguza kwa msumeno, akamfunga nao binti yake mgongoni kwa kitenge, akakaza pale penye nundu. Ikawa hivyo kila alasiri. Wivine alimshikia ncha za kitenge. Alijiambia labda ubao utafanya haraka, na Mokambo itakaribia. Siku ya tisa Mama Brigitte aliona alama nyekundu, akamwita baba.

"Papa Alexis, mugongo haiko ukuta. Ukiisukuma huku, pumzi itaingilia wapi?"

"Mama, miye nimenyoosha nyumba ya bantu mingi."

"Nyumba haipumuake."

Papa Alexis aliurudisha ubao wake kazini. Ila neno lake halikubadilika: akinyooka.

Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo, kamba na kioo, Likasi mpaka Kalemie. Jumamosi moja Wivine na baba yake wakapeleka radio mpya kwa Mama Brigitte. Siku hiyo Tantine Angélique alikuwa mjini kununua vitambaa, na gari ya Mokambo ingeondoka saa sita. Sac ya nguo ya Wivine ilikuwa tayari nyuma ya mlango wa chumba cha Mama Brigitte.

Mama Brigitte alibandika radio mbili kwenye dirisha, ya zamani na mpya. "Vingt-six. Na ya mwanzo, vingt-six. Docteur amesema mifupa imemaliza kukomaa. Mazoezi ataendelea nayo kwake. Hapa tumemaliza."

Papa Alexis akatoa kamba mfukoni. Aliishika nyuma ya shingo ya binti yake, akaacha chuma kitulie. Kikatulia vidole viwili pembeni ya katikati.

"Hajanyooka."

"Hatanyooka, Papa," Mama Brigitte akasema.

Papa Alexis akatikisa kichwa. Merdi aliinua kichwa kutoka kiti chake cha pembeni. Wivine alitazama radio mbili, tarehe mbili zilizoandikwa pembeni, akasema bila kugeuka:

"Papa, nyumba ya Papa Dédé."

"Iko na nini?"

"Ule ufa. Uliwekaka plâtre."

Miaka mitatu nyuma, ukuta wa jirani yao Dédé ulipasuka, akataka kuubomoa. Papa Alexis alipaka plâtre kidogo, lipu ya jasi, upana wa kidole gumba, kukatiza ufa, akaandika tarehe kwa msumari. Ikipasuka, alisema, ukuta bado unatembea; isipopasuka, umetulia. Wivine ndiye aliyemshikia maji ya kukorogea.

"Ile plâtre ilipasuka?"

"Haikupasuka."

"Na ufa?"

"Ulibakia."

"Na bantu ya ile nyumba?"

Papa Alexis alisogea dirishani, akaweka kidole gumba kwenye tarehe ya kwanza, halafu kwenye ya pili.

"Balingia," akasema. "Balalaka mule mpaka leo."

Akazungusha kamba polepole kwenye chuma chake, akaitia mkononi mwa binti yake.

"Tantine yako hapendake kungoja."

Wivine alimshika Mama Brigitte kwa mikono miwili. Akavaa blauzi, bega moja juu, lingine chini, akachukua sac.

"Locomotive inaenda?" Merdi akauliza.

"Inaenda."

Alipita mlangoni, akavuka uwanja wa parokia, akashika njia ya gari, upande ambao hesabu yake ya gare haikufika. Soksi zake mbili za mchanga zilibaki juu ya kiti. Hakurudi kuzichukua; kamba ilikuwa mkononi mwake.