Mungu wa Lango na Gambuti za Kinda

Mama Ndoano hakuzaa, lakini jina hilo alipewa kwa kuwa ndoano zote za machinjio zilikuwa chini ya amri yake. Alianza kuchuna ngozi angali msichana, ubavuni mwa baba yake, na baba alipofariki hakuna aliyethubutu kumwambia arudi jikoni. Alikuwa mpana wa mabega, mchache wa maneno, na jina la ukoo wake alililinda kama mboni ya jicho. "Watu wa kwetu," alizoea kusema huku akinoa kisu, "hatuibi, hatuombi, hatumpigii mtu magoti. Mengine yote tunafanya."

Ndugu yake wa pekee alikuwa Kinda, mtu mzima mwenye ndevu ambaye jina la utotoni lilikuwa limemganda.

Langoni pa machinjio, ndani ya jiwe lenye kimo cha mtu, alikaa mungu. Mungu huyo hakusema uongo. Hakujua hata unavyoanza. Watu walimwuliza mambo yao, akajibu, wakaenda zao. Kumwuliza "umejuaje?" lilikuwa tusi kubwa kuliko kumtemea mate.

Asubuhi moja mpima mizani alikutwa mferejini, kifudifudi, koo limefunguka sikio hadi sikio. Wachinjaji, wapagazi na wauza utumbo wakakimbilia langoni. Aliyeuliza ni kaka wa marehemu, mpagazi waliyemwita Mabega.

"Nani kamwua mdogo wangu?"

"Kinda," jiwe likasema.

Hawakungoja neno la pili. Mama Ndoano alipotoka chumba cha ngozi, nduguye alikuwa chini. Walimpiga kwa mipini ya mashoka, kwa minyororo ya kufungia ng'ombe, kwa visigino. Jino lilichomoka likabingirika sakafuni. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwa mlio ambao dada mtu aliufahamu vizuri, mlio wa paja la mbuzi juu ya gogo. Mabega alikuwa akifungua ndoano kwenye boriti.

"Mungu kamtaja! Atatundikwa kama nyama nyingine!"

Mama Ndoano akajitosa. Akala kofi, akala ngumi ya mbavu, naye akampasua mmoja shavu kwa kisu cha kuchunia, njia ikapatikana. Lakini hakwenda kwa nduguye. Angewazuia wangapi? Alikwenda kwenye jiwe.

"Wewe! Umejuaje?"

Mikono ikabaki hewani.

"Mwanangu, chunga mdomo!" akalia mzee muuza utumbo. "Utatuletea balaa!"

"Balaa gani tena, babu? Hii hapa chini ni harusi?" Akalipiga jiwe kwa kiganja. "Nimekuuliza, umejuaje?"

"Nilisikia gambuti zake," mungu akasema. "Zile zenye kisigino kilichochanika. Zikaingia, mpima akalia, zikatoka."

"Mwenyewe ulimwona?"

"Sina macho. Gambuti ni zake."

"Hutundikwa msumarini hapo mlangoni! Anayewahi ndiye avaaye. Hata mimi juzi nimezivaa!"

Kisha mungu, aliyekuwepo kabla ya babu za babu zao, akauliza kama mtoto: "Viatu huazimwa?"

Mtu mmoja akacheka kwa hofu.

"Sasa nani alizivaa?" Mabega akanguruma.

"Sijui."

Neno hilo halikuwa limewahi kutoka jiweni. Mabega akajitazama ngumi, damu ya Kinda ikimchuruzika vidoleni. "Hujui? Nimemvunja mtu kwa neno lako, halafu hujui?" Akanyakua nyundo ya kuangushia fahali. "Taja jina!"

"Sijui."

Nyundo ikashuka. Pande la jiwe likaruka, na nyuma yake ikachupa damu nyeusi, ya moto.

"Taja jina lolote!"

"Sijui. Inauma."

Wengine nao wakaja na mashoka. Wale wale waliokuwa wakimpiga mtu kwa kumwamini mungu, sasa walimpiga mungu kwa kuwa amekiri. Mama Ndoano angeweza kusimama kati yao na jiwe, na alilijua hilo. Lakini Kinda alikuwa amelala peke yake, hakuna aliyemshika. Akamwinua kwa makwapa.

"Dada, wanamwua," Kinda akasema kwa mdomo uliojaa damu. "Hakudanganya."

"Najua. Buruta miguu."

Walipopinda kona bado walisikia "inauma", mara nyundo, mara "inauma". Kisha ikabaki nyundo tu.

Nyumbani akapiga komeo, akasukumia mlango kabati. Akafunga mkono kwa mbao mbili za sanduku, akachemsha sindano ya kushonea magunia. Nyusi ya Kinda ilikuwa imepasuka, mfupa ukionekana mweupe.

"Utaniumiza?" Kinda akauliza.

"Sana," akajibu, akamtia kitambaa mdomoni. "Uma."