Tonton, Kesho Mto Iko Namna Gani?

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani baada ya miaka mingi. Asubuhi ya kwanza, kabla sijamaliza hata kusalimia nyumba nzima, nilimwomba kijana wa pikipiki anishushe ukingoni mwa mto. Nilitaka tu kunusa maji. Pale chini, karibu na mitumbwi, nilikuta vijana wanne wenye taulo mabegani wameinamia simu moja. Mmoja alikuwa akiwasomea wenzake: jua mpaka saa sita, upepo kidogo, kisha kiwingu chenye tone moja la mvua.

"Alors, tunavuka ao hatuvuke?" aliuliza msichana mmoja.

"Tunavuka. Hiyo tone iko kidogo."

Walicheka, nami nikacheka peke yangu nyuma yao. Walikuwa wanataka kujua kitu kilekile tulichotaka sisi kila Jumamosi: kama kesho mchanga ungetupokea.

Labda wewe hujawahi kuona mchanga wa mto wetu. Mvua zinapopungua, mwanzoni mwa mwaka, maji yanashuka na mchanga unajitokeza katikati ya mto bila haraka, kwanza kama mgongo wa kiboko, kisha unarefuka na kupanuka mpaka unatosha watu wa mtaa mzima. Sisi tuliuita plaji, ufuo wetu. Mchana mchanga ulikuwa mweupe hata macho yanauma, na jioni uligeuka rangi ya mkate. Bahari hatukuijua, lakini mawimbi tulikuwa nayo. Mto ulikuwa umetoka kuanguka kwenye maporomoko huko juu, na ulipotufikia ulikuwa bado haujatulia. Tena zilipita balenyeri, zile boti ndefu za mbao zenye injini, zimejaa watu na mizigo ya kwenda Yanonge na Isangi. Kila moja iliacha nyuma yake mawimbi yaliyokuja kuvunjika kwenye mkia wa mchanga. Sisi watoto tulilala kifudifudi juu ya vipande vya mitumbwi mizee na kuyangoja. Wimbi lilikubeba, lilikuacha mchangani ukiwa na mchanga hadi masikioni, nawe ulirudi mbio kulifuata jingine.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa bingwa. Ubao wake ulitoka ubavuni mwa mtumbwi uliopasuka, na aliulaza chini ya kitanda chake kama mtu anayelaza mtoto.

Lakini kabla ya Jumapili kulikuwa na Jumamosi, na harufu ya Jumamosi naisikia hata sasa. Bibi yetu, koko kama tunavyosema kwetu, alizaliwa Yanonge katika nyumba ya wavuvi, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alichemsha ndizi, akazitwanga kwenye kinu mpaka zikawa lituma, akazifinyanga mabonge makubwa ya kula na samaki. Samaki wenyewe aliwafunga kwenye majani pamoja na pilipili na kuwaweka juu ya makaa. Mchi ulilia tu, tu, tu mchana kutwa, na sisi tulichota maji, tulifagia uwanja, tulipangusa majani. Masikio yetu lakini yalikuwa barabarani. Tulikuwa tunangoja baiskeli ya Tonton.

Tulimwita hivyo, yaani mjomba, lakini hakuwa ndugu yetu. Alikuwa jirani, mtu wa familia ya Kiislamu, moja ya zile ambazo mababu wao walifika mjini na misafara ya biashara zamani sana. Mke wake alikaanga mikate midogo ya mviringo ambayo hakuna mtoto wa mtaa aliyepita bila kuionja. Yeye Tonton alikuwa mrefu, mwenye miwani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kazi yake ilikuwa uwanja wa ndege, kwenye idara ya hali ya hewa. Siku moja alitueleza kwamba alisoma vikombe vinavyozungushwa na upepo na chupa inayopima mvua, ili rubani ajue anaingia katika anga gani. Hayo yalikuwa ya ndege. Ya mto alitupa yeye mwenyewe, kwa akili yake na kwa mapenzi yake.

Alipokata kona tu tulimzunguka. "Tonton, kesho mto iko namna gani?"

Alisimamisha baiskeli, akaweka mguu mmoja chini, akavua miwani na kuifuta, halafu akatangaza kwa sauti ya mtu wa redio: "Kesho asubuhi iko umande. Jua itatoka baada ya misa ya kwanza. Upepo kidogo, inatoka kule juu. Mawimbi: ya watoto."

Maana alikuwa na aina tatu za mawimbi. Kulikuwa na mawimbi ya watoto, kulikuwa na mawimbi ya wakubwa, na kulikuwa na mawimbi ya samaki peke yao. Akisema hayo ya tatu tulilia, na hatukuvuka.

Koko hakumwacha amalize salama. Kutoka nyuma ya moshi wa jikoni alipaza sauti: "Unadanganya watoto ya watu! Hauone moshi yangu inalala chini? Kesho iko mvua!"

"Koko, moshi yako inalala sababu kuni yako iko mubichi."

Basi walibishana, Koko na mchi wake, Tonton na baiskeli yake, na watu walitoka kwenye nyua zao kuwasikiliza. Wiki moja alishinda huyu, iliyofuata alishinda yule. Wakimaliza, Koko alimpelekea samaki mmoja aliyefungwa kwenye jani, akisema ni wa mke wake, si wake yeye mwongo.

Jumamosi moja walikubaliana. Sikumbuki kama ilishawahi kutokea kabla. Tonton alisema jua kuanzia asubuhi mpaka jioni, mawimbi ya watoto. Tulimngoja Koko. Aliangalia moshi wake, akaangalia anga, akasema, "Bon. Kwa leo anasema kweli." Mtaa mzima ukaanza kufunga vyakula.

Jumapili ile ilikuwa nzuri kama ndoto. Wanakwaya walivuka wakiwa na nguo zao za kanisani, wakiimba ndani ya mitumbwi. Maji yalikuwa na rangi ya chai, na yalikuwa laini. Kina mama walichimba mashimo madogo mchangani, wakawasha moto, na moshi wa samaki ukatembea chini chini kati ya watu. Mke wa Tonton aligawa mikate. Mimi nililala chali, nikisikia kwa mbali mvumo wa maporomoko, sauti ambayo mtu wa Kisangani haisikii mpaka atakapokaa mji mwingine na kushangaa kwa nini kimya kimekuwa kikubwa hivi.

Baada ya kula, hewa ilisimama. Moto haukuyumba hata kidogo. Nilimwona Koko ameinua kichwa, samaki mkononi, hatafuni. Juu ya mto, upande wa maporomoko, anga ilikuwa imekuwa kama sufuria iliyoungua.

"Mutoe watoto kwa maji!" alipiga kelele. "Wote! Sasa!"

Upepo ulifika kabla hajafunga mdomo. Mchanga uliruka ukatupiga usoni, sufuria zikabiringika, na mitumbwi miwili iliyokuwa haijavutwa juu ikaondoka yenyewe kama iliyoitwa. Mto uliokuwa laini ukasimama wima. Sijui niseme namna gani nyingine. Ulisimama, na mawimbi yake hayakuwa ya watoto wala ya wakubwa. Mama yetu alihesabu vichwa vyetu, akaanza tena, na hapo ndipo nilipogeuka nikamwona mdogo wangu. Alikuwa mbali na mkia wa mchanga, amelala juu ya ubao wake, ameukumbatia kwa mikono miwili. Maji yalimpandisha, yakamshusha, tukawa tunaona nywele tu.

Tonton alikuwa wa kwanza kukimbia. Kuogelea hakujua, mtaa wote ulilijua hilo, tulikuwa tunamtania. Aliingia na suruali yake ya Jumapili mpaka kiunoni, na maji yakamwangusha. Koko akamfuata na kumshika mkanda.

"Usipigane na maji!" alimfokea sikioni. "Mushikane mikono! Watu yote! Musiachiliane!"

Wakashikana. Wanakwaya, wauza mikate, wapiga makasia, mama yangu, padri kijana aliyekuja kula tu. Mnyororo wa watu ulitoka mchangani ukaingia mtoni, na Tonton kwa urefu wake akawa wa mwisho, maji kifuani, kisha shingoni. Mvua ilikuwa imeshuka, hatukuona vizuri. Nilisikia tu sauti yake ikiita jina la mdogo wangu, ikinyamaza maji yalipomfunika, ikiita tena. Wimbi moja kubwa lilikuja na ule ubao, na yeye akanyoosha mkono.

"Nimemushika!" alilia. "Nimemushika! Muvute!"

Waliwavuta wote wawili kama nyavu. Mdogo wangu alikuwa anakohoa na kukasirika kwa sababu ubao umeenda. Mama alimkumbatia kifuani akakaa chini kwenye mvua. Tuliilaza mitumbwi iliyobaki ubavu, tukajibanza nyuma yake, wengine wakisali hivi, wengine vile, mpaka dhoruba ilipotupita na kwenda zake chini ya mto. Tonton alikaa kando peke yake. Miwani yake ilikuwa imebaki mtoni.

Tulirudi salama sote, na ungedhani mtaa ungemwimbia. Kwa siku chache walimwimbia kweli. Halafu, kwa kuwa hofu ikiisha watu hutafuta cha kucheka, wakaanza. "Tonton, leo iko jua, nibebe mwavuli?" Walimtania kwa kumpenda, lakini yeye hakusikia hivyo. Jumamosi iliyofuata tulisimama kwenye kona na baiskeli haikuja. Alikuwa amepita njia ya nyuma. Iliyofuata, mdogo wangu alimvizia huko huko nyuma, akamuuliza swali letu. Tonton alitikisa kichwa, akakanyaga pedali. Watu waliendelea kuvuka au kutovuka kwa kubahatisha, na Koko alitwanga bila kubishana na mtu. Mchi ulilia vibaya, kama unaotwanga kinu kitupu.

Jumamosi moja Koko akauweka mchi chini, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kusimama katikati ya ile njia ya nyuma. Sisi nyuma yake.

"Simama," alimwambia Tonton.

"Koko, niko haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Nyumba yako iko pale, ninaiona. Kesho mto iko namna gani?"

Alishuka kwenye baiskeli. Bila miwani uso wake ulikuwa kama wa kijana mdogo. "Koko, mimi sitasema tena. Nilisema, mukavuka. Mutoto yako nusu afe."

"Na nani alimutoa?"

Tonton alikwangua tope kwenye pedali.

"Mimi pia nilisema hakuna mvua," Koko aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi mutu ya mto. Hawanicheke sababu niko muzee. Unafikiri sikulala na ile maji mu macho? Baba, sikuulize kama unajua. Ninakuuliza unasema nini."

Tonton aliinua uso, akakunja macho, akatazama juu kwa muda mrefu. Watu walikuwa wametoka nyuani. Wale wenye utani walikuwa wanaangalia miguu yao.

"Asubuhi iko jua," alisema mwishowe. "Kisha muchana... sijui."

"Bon. Tutavuka asubuhi, tutarudi kabla ya muchana. Na mitumbwi tutafunga."

Mdogo wangu alimvuta shati. "Na mawimbi?"

"Ya watoto," alisema Tonton, na sauti ikamkatika katikati ya neno. Koko akajifanya hakusikia, akageuka na kurudi jikoni, akituambia kwa ukali kwamba majani hayajapanguswa.

Walibishana tena kwa miaka mingi baada ya hapo.

Koko alizikwa msimu wa mvua, nikiwa nimeshaondoka mjini. Tonton, nimeambiwa, alipostaafu alihamia upande wa Banalia, kwa ndugu za mke wake, analima mihogo. Mdogo wangu ana watoto wake, na mkubwa wao anaogopa maji. Mtaa wetu una kuta sasa. Nilipita pale jioni ya Jumamosi, nikasikia redio na jenereta. Hakuna aliyekuwa kwenye kona akingoja mtu, na hakuna aliyetoka nje kunisikiliza nilipowasalimia kwa sauti ya zamani, ile ya kusalimia nyua tatu kwa pamoja. Siwalaumu. Najua tu kwamba zamani kesho ilikuwa jambo la mtaa wote, tuligombana juu yake kwa sauti, na tulipokosea tulilowa pamoja.

Asubuhi ile ya kwanza nilivuka na wale vijana. Mchanga wa mwaka huu umejitokeza mahali pengine, karibu zaidi na ng'ambo. Ule wa kwetu, niliocheza juu yake, maji yalishaubeba zamani chembe kwa chembe, ukapita Yanonge kwa wazee wetu, ukapita Isangi, sijui sasa umelala wapi. Nilivua viatu. Palikuwa na mama mmoja kijana, simjui, amefunga kitenge kifuani, anatafuta mahali pa kumlaza mtoto. Aliniangalia mara moja tu.

"Mama, unishikie huyu, nioge kidogo."

Hakuniuliza jina. Nilinyoosha mikono nikampokea, mzito, wa moto, ananuka maziwa, na mama yake akakimbilia majini huku akicheka.