Tahani, mwamuzi wa filamu za watoto wa Nyakabiga

Mlango wa duka la video umefungwa nusu. Ndani, Tahani ameketi peke yake kwenye benchi la mbele, rimoti mkononi, macho kwenye televisheni. Ni Jumamosi asubuhi, mtaa wa Nyakabiga, Bujumbura, mwaka 1998. Kesho watoto zaidi ya arobaini watajaa humu. Leo anawatangulia kutazama.

"Mi naangalia yote, mwanzo mpaka mwisho," anasema. "Picha ya juu ya kaseti inaweza kukudanganya."

Tahani, mwenye miaka 36, anatoka katika familia ya Kiarabu iliyofanya biashara Bujumbura tangu enzi za babu yake. Alianza kuonyesha video vita vilipowafungia watoto majumbani. Miaka mitatu iliyopita mizinga ililia ndani ya filamu moja. Watoto wakajitupa chini ya mabenchi, wakakanyagana, mmoja akavunjika mkono.

"Siku ile nililia kuliko wao," anakumbuka. Tangu hapo hakuna kaseti inayowafikia kabla yeye hajaipitisha.

Ya leo imetokana na riwaya ya zamani ya Kifaransa aliyoisoma sekondari: dada wawili wanavuka jangwa kumtafuta baba yao, mfanyabiashara wa chumvi. Tahani anaisifu. Dhoruba ya mchanga inatisha bila kuumiza, na yule dada mkubwa "anacheza na macho tu, hata haongei, unaelewa."

Kisha mwisho unafika, naye anasimamisha mkanda. Kitabuni, dada hao wanakuta kaburi. Kwenye filamu, baba anatoka hemani akiwa hai.

Anamfikiria Nella, msichana wa miaka tisa asiyekosa Jumapili hata moja. Baba yake aliondoka kwenda Bubanza miaka miwili iliyopita, hakurudi. Tahani hataki kuamua peke yake. Anavuka barabara kumwita mama yake Nella, Consolate, anayeuza mboga ng'ambo ya pili.

"Mama Nella, tazama hii, halafu uniambie. Ukisema apana, kesho naweka ingine."

Consolate anatazama mpaka mwisho, akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Iweke," anasema. "Mutoto wangu anajua baba yake harudi tena. Kama baba wa wengine amerudi, tumukataze kufurahi ya nini?"

Jumapili watoto wanapiga makofi mpaka bati linatetema. Nella anapiga pia. Wenzake wanapotoka, yeye anabaki.

"Tanti, mu kitabu iko vilevile?"

Tahani anachuchumaa mbele yake. Angeweza kusema ndiyo, yakaisha.

"Apana, mama. Mu kitabu walikuta baba amekufa. Walilia sana. Halafu wakashikana mukono, wakarudi kwao."

"Filme ni nzuri," Nella anasema. "Lakini mi nataka ile ingine."

Wiki nzima Tahani anaulizia kitabu hicho kila anakopita. Alhamisi, Méthode, mwalimu wa mtaa wa Mutanga Nord, anamletea nakala kuukuu. Panya wamekula kurasa za mwanzo. Kuanzia Jumapili ijayo, anapanga kuwasomea watoto kidogo kidogo baada ya filamu, akiwafasiria kwa Kiswahili.

Kurasa zilizoliwa hazimsumbui.

"Mwanzo wameshauona mu filme," anasema, akipitisha kidole kwenye kurasa za nyuma. "Lakini hapa pa kaburi, na njia yote ya kurudi nyumbani, hakuna kitu kimepotea."