Lastiki Iliyokufa

Kuna sauti ndogo ambayo wengi hupita sokoni bila kuisikia. Chukua nguo ya kuogelea iliyotoka kwenye balo la mitumba, ivute taratibu karibu na sikio, nayo italia kr-kr-kr, kama majani makavu yanayokanyagwa na kuku. Hiyo ni lastiki iliyokufa. Nguo inaweza kung'aa, rangi yake ikawa bado nzuri na mishono yake mizima, lakini ndani imekufa. Niliisikia tena mwezi uliopita katika soko la kati hapa Kisangani, binti yangu Merveille akiwa amesimama kando yangu, na hasira niliyodhani imezeeka ikaamka na nguvu zake zote.

Nitawaeleza ilikotoka.

Tulikaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Papa alikuwa mtu wa Isangi, mvuvi, na ndugu zake wote walimtuma yeye kila walipotaka kununua mtumbwi, kwa sababu hakudanganyika. Nilijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Msiniulize nani alinifundisha. Kwetu ni sawa na kumuuliza mtu nani alimfundisha kutembea. Tuliogelea na chupi, au na kipande cha kitenge kilichofungwa kifuani, na mto haukuwahi kutuuliza tumevaa nini.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi mwalimu wetu wa michezo aliponiona nikiwaacha wavulana nyuma kwenye mkondo. Tulimwita Maître. Alinisubiri nitoke majini, akasema, "Mado, weye njo utaenda kutuogelea ku piscine."

"Njo" kwetu ni "ndiye" au "ndiyo". Piscine hiyo, bwawa la kuogelea, ilikuwa ya klabu moja ng'ambo ya pili, mjini. Tulikuwa tumeyaona maji yake kupitia matundu ya ukuta: ya buluu, yametulia, hayana hata gugu moja. Shule kadhaa zilialikwa kushindana huko mwisho wa mwaka, na shule yetu ilikuwa na mimi. Lakini mlangoni palikuwa na sharti, na Maître alilirudia mbele ya darasa zima kama amri ya Mungu: bila maillot, yaani nguo ya kuogelea, hakuna kuingia. Kitenge hapana. Kaptula hapana.

Nawaombeni mlifikirie sharti hilo polepole, kama nilivyolifikiria mimi kwa miaka. Mji umekaa juu ya mto mkubwa kuliko yote tunayoijua. Watoto wake wanaishi majini kama bata. Halafu watu wanachimba shimo, wanalijaza maji, na ili mtoto wa mto aingie humo lazima avae nguo ambayo mji mzima hauwezi kumpatia.

Mama alilichukua jambo hilo kwa uzito. Alifunga kilemba chake cha kanisani, tukavuka.

Tulianza na duka la vioo. Dirishani palisimama mwanasesere wa plastiki amevaa maillot nyekundu. Hakuwa na makalio, hakuwa na mapaja, alikuwa kama samaki aliyekaushwa kwa moshi. Mwenye duka alinitazama kuanzia miguuni, akapanda, akashuka tena. Hakunisemesha mimi, alimsemesha mama.

"Hakuna ya kimo yake. Yenye iko hapa ni ya batoto. Huyu alishakuwa mama."

Nilikuwa bado ninacheza kamba.

Tukaenda sokoni, kwenye meza ya Mama Zaituni, mfanyabiashara wa kutoka Kindu aliyekuwa akifungua mabalo asubuhi na kuyamaliza jioni. Maillot alikuwa nazo chini kabisa ya rundo, zimefungwa pamoja na soksi. Desturi ya soko letu ni kujaribu nguo juu ya nguo: unavaa juu ya gauni lako, ndugu yako anakushikia kitenge kama pazia, na pazia hilo halimzuii mtu yeyote kuona. Kwa hiyo nilivaa maillot juu ya gauni la shule, gauni likajikunja ndani yake kama majani ya ndizi ndani ya chungu, na soko likapata mchezo wa bure.

Ya kwanza ilikuwa na vikombe vya kifuani vigumu kama vifuu vya nazi, ambavyo sikuwa na kitu cha kuweka ndani yake. Ya pili ilikuwa na kisketi cha bibi kizee. Ya tatu ilikatwa juu mpaka kiunoni, mama akanivua kwa haraka huku akimwomba Yesu. Ya nne ilikuwa fupi mwilini: nilipovuta mabega, ilinikata chini, nilipovuta chini, mabega yalikuja masikioni.

"Mama, geuza mutoto tuone nyuma," alisema Mama Zaituni.

"Eee! Na nyuma iko!" alisema muuza sombe, majani ya muhogo, wa meza ya pili, na meza zote zikacheka.

"Iko anabeba kilo ngapi huko?"

"Wacheni mutoto, ni baraka ya ndizi, ya lituma!"

Mama hakucheka. Alininong'oneza, "Ficha tumbo, Mado."

Nikaficha tumbo. Sikuwa na tumbo la kuficha. Nilikuwa na tumbo la kupumulia. Lakini siku ile nilijifunza kusimama bila kupumua, na sikuacha kwa muda mrefu.

Ya mwisho ilikuwa ya buluu iliyokolea, yenye mstari mweupe ubavuni. Nilipoivuta kupanda, niliisikia: kr-kr. Nilidhani ni uzi wa gauni langu. Mama Zaituni alirudi nyuma hatua, akapiga makofi.

"Angalia! Utasema balikushonea weye!"

Na kweli, nilipojitazama katika kipande cha kioo alichonishikia, nilijiona mzuri. Sioni aibu kulisema. Nilikuwa nimechekwa asubuhi nzima, na hatimaye nguo moja ilikuwa imekubaliana nami. Wakati wa kuvuka kurudi nyumbani niliiweka mapajani, sikuitia kapuni.

Siku ya mashindano, kipenga kilipolia niliruka wa kwanza. Kabla ya kufika katikati nilihisi kitu kinanishika kiunoni. Maillot ilikuwa inakunywa maji. Ililegea, ikavimba kama gunia, ikateremka. Bega moja likatoka, na nilipolirudisha likatoka lingine. Ninyi mnaojua kuogelea mnaelewa: huwezi kukata maji mkono mmoja ukishika kifua. Nilisimama. Wasichana wengine walinipita, pamoja na mmoja ambaye angezama mtoni kwetu kwa wimbi la boti. Nilitoka nikiwa nimeikusanya nguo kwa mikono miwili, maji yakinichuruzika kutoka kwenye mfuko uliokuwa ukining'inia kati ya mapaja, na kicheko cha pale kilikuwa kikubwa kuliko cha sokoni, kwa sababu kilikuwa na mwangwi.

Maître alinipa taulo bila kunitazama.

"Maillot iko bien, Mado. Ni mwili yako njo iliikataa."

Jioni mama alinipunguzia lituma, ndizi zetu za kuponda, kwenye sahani. Papa aliona. Alitafuna polepole, akauliza, "Ile nguo, muliipima ndani ya mayi?"

"Nani anapimaka nguo ndani ya mayi?" mama akamjibu.

"Mutumbwi inapimiwa ndani ya mayi," alisema papa. "Ku inchi kavu yote iko muzima."

Ndugu zangu walicheka, hata mama alitabasamu. Tulidhani anazungumzia mitumbwi, kama siku zote.

Mwaka uliofuata Maître alimchagua msichana mwingine. Mimi nilikuwa nimeanza kuoga mtoni nikiwa nimefungwa kitenge kutoka shingoni, nikishuka pembeni pasipo na watu. Niliacha kushindana na wavulana. Shuleni nilibeba mfuko wangu nyuma, chini kidogo, ili ufunike. Hakuna aliyeniamuru. Ilitosha kwamba watu wazima watatu, dukani, sokoni na kwenye piscine, walikuwa wamesema jambo lile lile, na mtoto huamini jambo likisemwa mara tatu.

Shule sikuimaliza. Ushonaji nilijifundisha mwenyewe, kwa kufumua nguo za watu na kuzirudishia, na kwa kusoma vitabu vya kuazima huku kamusi ikiwa gotini. Humo ndimo nilimosoma kwamba uzi unaonyumbuka una umri wake: jua huuua, joto huuua, dawa inayotiwa katika maji ya piscine huuua. Ukishakufa haurudi, na nguo ikiwa kavu huwezi kujua kwa macho.

Mama alipofariki, nilikuta maillot ya buluu katika sanduku lake, imekunjwa vizuri. Niliivuta. Kr-kr-kr. Nikapasua mshono wa kiunoni kwa wembe, na lastiki ikanimwagikia kiganjani kama unga wa muhogo. Mngedhani nilipata nafuu. Hapana. Nilipata hasira. Mtu mmoja huko mbali aliivaa mpaka akaiua, akaitoa kama sadaka, ikasafiri mpaka kwetu, ikauzwa, na mtoto wa Lubunga akaombea mwili wake msamaha kwa sababu ya uzi.

Kwa hiyo mwezi uliopita, Merveille alipoalikwa piscine na wenzake wa darasa, na muuzaji akanipa maillot ya kijani akisema ni kama mpya, niliiweka sikioni. Kisha nikaomba beseni la maji.

"Mama, maillot haina kosa," alisema muuzaji, mwanaume mwenye kofia ya manyoya katika jua lile. "Ni mutoto njo alijaa huku chini."

Beseni halikuja. Nilipasua mfuko wa maji ya kunywa, nikayamwaga yote juu ya nguo. Nikaiinua. Ilirefuka mbele ya macho yetu, ikaning'inia mpaka karibu na goti langu.

"Umeniharibia! Utalipa!"

"Hapana, papa. Hii haikuharibika leo. Ilikufia Poto, Ulaya huko. Weye uko unauzisha maiti."

Muuza sombe alicheka. Kila zama ina muuza sombe wake. Mara hii hakumcheka mtoto.

Tulirudi bila maillot, na nitamshonea mwenyewe, nikipata kitambaa kilicho hai. Ndani ya mtumbwi Merveille alikaa amejikunja mpaka katikati ya mto, kitenge changu amekivuta juu ya magoti. Niliona kwamba hapumui vizuri. Nikamkumbuka papa na mtumbwi wake wa kupimwa majini. Alikuwa amenipa jibu lote siku ile ile, na sisi tukacheka.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "ni kweli nilijaa?"

Nilimjibu kwa sauti ambayo abiria wote waliisikia, na mpiga kasia pia.

"Ulijaa, ndiyo. Uko muzima. Nguo njo ilikufa."