Safari ya Kuuchukua Ubongo wa Petro

Nilitoka Bukoba kwenda Nkwenda kuomba ubongo wa mtu aliyekuwa bado hai. Nyumbani wengi wameniuliza nilifuata nini kule Karagwe, na jibu langu limekuwa fupi siku zote. Leo nitalisimulia lote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mpimaji katika maabara ya hospitali. Daktari wangu, Mzungu mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alichunguza chembe ndogo za ubongo ambazo aliziita walinzi. Alinieleza kwamba kila mtu anazo. Zimekaa kichwani zimetandaza miguu kama buibui, na kijidudu kikiingia, hukimbilia pale zikakila. Alitaka kujua zinafanya nini katika ubongo unaokufa polepole bila jeraha lolote. Mwinjilisti wa Nkwenda alimletea habari za ukoo mmoja ambao watu wake wakifika umri wa makamo mikono huanza kucheza yenyewe, kisha miguu, halafu akili huondoka. Mmoja wao, Petro, alikuwa karibu na mwisho, na mwenyewe alikubali kichwa chake kitazamwe. Daktari hakuweza kuacha wodi. Mimi nilikuwa nimemsaidia mara nyingi katika chumba cha maiti na kazi ile niliijua, basi nikatumwa.

Kyaka tuliuacha mto Kagera, kisha basi likaanza kupanda vilima kwa kuguna. Ndoo yangu ya bati, yenye kifuniko na fomalini ya kuhifadhia ubongo ndani, niliibana kwa miguu. Harufu ilimfanya mama aliyeketi karibu nami ahame kiti bila kuniuliza neno.

Omurushaka nilipokewa na Mzee Kaiza, mnunuzi wa kahawa kutoka Muleba, Mlutheri mwenzetu. Alinikaribisha kahawa za kutafuna, mkewe akatuletea ndizi na maharage, na mzee akazungumza bila kupumzika mpaka nilipoitaja nyumba ya Petro. Hapo aliinuka akaenda kuufunga mlango. Aliporudi aliniambia kwamba watu wale ni wema, shamba lao ni zuri, wala hakuna anayewachukia.

"Ila ukifika, usiwatazame mikono," akasema. "Wanamjua kila anayewatazama."

Kesho yake nilipata lori mpaka karibu na Nkwenda, nikamalizia kwa miguu. Jua lilikuwa limeshapanda, lakini ukungu ulikuwa bado umelala migombani. Nilisikia watu wakilima na kuongea Kinyambo karibu yangu kabisa, nisimwone hata mmoja. Nilipoita niulize njia, majembe yote yalinyamaza kwa pamoja.

"Endelea tu," sauti ya mwanamke ikanijibu taratibu. "Ndio hao mbele, unaowatafuta."

Sikuwa nimetaja jina la mtu.

Nyumba ilikuwa ya msonge, sakafu imetandazwa nyasi mbichi. Nilimkuta Yohana, mdogo wake Petro, na Anjelina, binti wa Petro. Niliwaamkia shikamoo wakubwa, wakaniitikia vizuri, lakini wote walikuwa wameikalia mikono yao, viganja vimebanwa chini ya mapaja. Yudita, mke wa Petro, ndiye pekee aliyekaa mikono ikiwa wazi mapajani. Yeye alikuwa ameolewa tu katika ukoo ule.

Petro alikuwa amelala nyuma ya kiambaza. Mkono wake ulipanda, ukashuka, vidole vikakunjuka kama vya mtu anayemwita mwenzake aliyesimama nyuma yangu. Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Yudita alinitazama bila kushangaa, akasema kila mgeni hugeuka.

Maneno ya Petro yalitoka kwa shida, lakini niliyaelewa. "Tazama ndani," aliniambia. "Kisha umwambie Anjelina."

Anjelina alikuwa amechumbiwa na fundi cherehani wa sokoni Nkwenda. Alitaka kujua, kabla ya kuolewa, kama kilichokuwa ndani ya baba yake kimo na ndani yake. Yohana alikataa katakata kichwa cha kaka yake kifunguliwe. Alisema watu wa ukoo wao huzikwa na viungo vyao vyote, na kwamba hospitali isidhani ugonjwa umewatoa katika hesabu ya watu. Sikubishana naye. Nilikaa pale siku kadhaa, nikisaidia kuteka maji, na usiku na mchana nilisikia mkono wa Petro ukisugua mkeka, kama mtu anayefagia chumba kisichoisha.

Adhuhuri moja mkeka ulinyamaza. Yudita alitoka jikoni mbio, maana ule ukimya sote tuliusikia. Petro alikuwa amekufa, mikono yake imetulia kifuani. Yudita alikaa akaitazama kwa muda mrefu sana, akasema alikuwa ameisahau ilivyo ikiwa imetulia.

Yohana alitoka akapotea migombani. Aliporudi alisimama mbele yangu na, kwa mara ya kwanza, akaunyosha mkono wake wa kulia. Kidole cha mwisho kilikuwa kikiinuka na kushuka, peke yake, taratibu.

"Kilianza wakati wa mavuno," akasema. "Fanya kazi yako."

Niliifanya nyuma ya nyumba, mwinjilisti akiomba kando yangu. Kisha nilikifunga kichwa kwa kitambaa cheupe, vizuri kadiri nilivyoweza, na Petro akazikwa shambani kwake jioni ile.

Nikirudi nililala tena kwa Mzee Kaiza. Hakuuliza kilichomo ndooni. Alinionyesha tu ghala la kuiweka. Asubuhi niliikuta ndoo imefunikwa shuka safi, na mbele yake kisahani cha kahawa za kutafuna, kama anavyoandaliwa mgeni. Mkewe alikuwa uani akifagia. Nilimshukuru kwa malazi, nikaichukua ndoo yangu.

Bukoba tuliungoja ubongo ukakamae katika fomalini, tukaukata vipande vyembamba, daktari akavitia dawa ya fedha inayozigeuza chembe kuwa nyeusi. Nilipoinamia darubini niliwaona wale walinzi. Walikuwa wengi kupita kiasi, weusi, wamenenepa, wamejikusanya kama watu walioitikia yowe. Tulitafuta kilichowaita. Hapakuwa na kijidudu wala jeraha. Na baadhi yao walikuwa wamezikumbatia chembe nyingine za ubongo ambazo, kwa macho yetu, zilikuwa bado nzima. Nilimuuliza daktari kama wanalinda au wanakula. Alisema hajui, akaendelea kutazama mpaka chai yake ikapoa.

Nilikuwa nimemwahidi Petro, basi nilirudi Nkwenda. Anjelina nilimkuta akianika kahawa, nikamweleza yote kama nilivyoyaona. Nilimwambia pia kwamba hakuna kipimo cha kumwambia habari zake mwenyewe.

"Kwa hiyo walinzi wamejaa, na mwizi hamkumwona," akasema.

"Hatukumwona."

Alifikiri kidogo. "Basi atakuwa mtu wa humo humo nyumbani."

Daktari alipoyasikia maneno hayo baadaye, alisema hata yeye hana la kuyazidi. Nami safari ile ilinifundisha kwamba mtu anaweza kuona kitu waziwazi kabisa na bado asiwe na la kumpa aliyemtuma.

Anjelina aliniambia kwamba mchumba wake ameshajua kila kitu. Alikuwa amemwambia mwenyewe. Fundi aliondoka, akakaa siku kadhaa bila kuonekana, halafu akaja na futi yake kumpima gauni la harusi.

Anjelina alinisindikiza mpaka barabarani. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena, nami sikumwona vizuri alipotamka haja yake ya mwisho.

"Siku yangu ikifika, uje wewe," akasema. "Wasimtume mtu nisiyemjua."

Tulikuwa karibu rika moja, yeye na mimi. Nilimwambia nitakuja.